Curt Flood alishindwa kesi. Kwa nini wachezaji wa besiboli wanamshukuru?

Ukimuuliza shabiki wa besiboli wa Marekani ni nani aliyewapa wachezaji haki ya kuchagua timu, huenda akakujibu bila kusita: Curt Flood. Ukienda kwenye kumbukumbu za mahakama unakuta habari nyingine. Flood, mlinzi wa uwanja wa nje wa St. Louis Cardinals, alishindwa katika ngazi tatu mfululizo: mahakama ya wilaya mwaka 1970, mahakama ya rufaa mwaka 1971, na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 19 Juni 1972. Haki yenyewe ilipatikana Desemba 1975, kupitia shauri la wachezaji wengine wawili, mbele ya mtu ambaye hata jaji hakuwa. Wakati huo Flood alikuwa ameacha mchezo kwa zaidi ya miaka minne.

Je, sifa anazopewa ni zake kweli? Mimi naamini ni zake, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi. Na ili tuelewane ni lazima kwanza tumtazame kama mchezaji, maana kesi hii isingetikisa mtu kama aliyeifungua angekuwa mtu wa benchi.

Mtu wa katikati

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka: timu ya besiboli inayolinda huwa na watu tisa uwanjani. Mmoja wao anarusha mpira, mpinzani mwenye gongo anajaribu kuupiga, na nyuma kabisa, kwenye nyasi, wanasimama walinzi watatu ambao kazi yao ni kuudaka kabla haujagusa ardhi. Ukidakwa hewani, mpigaji ametolewa. Kati ya hao watatu, wa katikati ndiye mwenye eneo kubwa zaidi. Anatakiwa asome sauti na pembe ya pigo mara tu gongo linapogusa mpira, ageuke, aukimbilie huku ameupa mgongo, kisha anyooshe mkono mahali ambapo mpira utakuwa na si mahali ulipo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Flood, na katika miaka ya sitini ni wachache sana walioifanya vizuri kama yeye.

Alizaliwa Houston, Texas, tarehe 18 Januari 1938, akakulia Oakland, California. Shule yake ya sekondari, McClymonds, iliwatoa pia Frank Robinson na Vada Pinson, ambao wote wawili walikuja kuwa nyota wa besiboli, na Bill Russell wa mpira wa kikapu. Hakuwa na mwili mkubwa. Mwaka 1956, akiwa na miaka 18, Cincinnati walimsajili kwa dola 4,000 za msimu, wakampeleka Florida kwenye kambi ya mazoezi. Alipofika hotelini ambako timu ilikuwa imepanga, aliondolewa kupitia mlango wa pembeni na kupelekwa kwenye nyumba ya kupangisha upande wa watu weusi wa mji. Hakuna aliyekuwa amemwambia mapema kwamba wachezaji weusi wanalala kwingine.

Msimu huo alipangiwa ligi ndogo, katika timu ya High Point-Thomasville, jimbo la North Carolina. Alipiga kwa wastani wa .340, yaani pigo safi zaidi ya moja katika kila majaribio matatu, na mara 29 alituma mpira nje ya uzio. Mwaka uliofuata alikuwa Savannah, Georgia. Ni miaka ambayo alitukanwa na mashabiki wa timu pinzani na wa timu yake mwenyewe, na basi la timu liliposimama njiani wenzake walikula mezani naye akasubiri sahani yake kwenye mlango wa jikoni. Kuna tukio alilolisimulia baadaye ambalo linanichoma kila ninapolikumbuka. Kulikuwa na mechi mbili siku moja. Baada ya ya kwanza wachezaji wote walivua jezi zilizolowa jasho na kuzitupa kwenye rundo ili zikafuliwe haraka. Mtunza chumba akaichomoa ya Flood kwa kijiti kirefu, akaipeleka kwa dobi wa watu weusi, mbali na uwanja. Mechi ya pili ikakaribia, wenzake wakavaa wakatoka, na yeye akabaki chumbani uchi, akingoja nguo zake zirudi.

Desemba 1957 alikuwa Venezuela akicheza ligi ya majira ya baridi alipopata telegramu kwamba Cincinnati wamembadilisha na wachezaji wa St. Louis. Alikuwa na miaka 19. Alisema baadaye kwamba siku hiyo aliapa moyoni hatakubali kubadilishwa hivyo mara ya pili. Yaliyotokea mwaka 1969 yana mizizi hapo.

Pale St. Louis hakupata nafasi ya uhakika mpaka Julai 1961, kocha Solly Hemus alipoondolewa na Johnny Keane akampa Flood eneo la katikati. Alilishika mpaka mwisho wa 1969. Alishinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, kila mwaka kuanzia 1963 hadi 1969, mara saba mfululizo. Msimu mzima wa 1966 hakufanya kosa hata moja la ulinzi, na mfululizo wake wa mechi bila kosa ulifika 226. Mwaka 1964 alipata mapigo safi 211, yeye na Roberto Clemente wakilingana kileleni mwa ligi yao. Wastani wake wa maisha ni .293, mapigo safi 1,861. Cardinals walitwaa World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli, mwaka 1964 na 1967, na Agosti 1968 jarida la Sports Illustrated likamweka jaladani na kumwita mlinzi bora wa katikati katika besiboli.

Miezi miwili baadaye alifanya kosa linalokumbukwa kuliko madako yake yote. Mechi ya saba ya World Series ya 1968, Detroit ugenini St. Louis, bado hakuna timu iliyopata alama, kipindi cha saba. Jim Northrup aliupiga mpira kuelekea katikati. Flood akapiga hatua za kwanza kwenda mbele, akagundua kwamba mpira ni mrefu, akateleza alipojaribu kugeuka, na mpira ukapita juu yake. Detroit wakapata alama mbili na hatimaye wakashinda 4-1. Katika daftari la mechi halikuandikwa kuwa kosa, maana hakuugusa mpira. Mji mzima, hata hivyo, ulijua.

Simu ya Oktoba

Msimu wa 1969 Flood alikuwa akilipwa dola 90,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Timu haikufanya vizuri. Tarehe 8 Oktoba mfanyakazi wa ofisi ya klabu alimpigia simu asubuhi kumwarifu kwamba yeye, Tim McCarver, Joe Hoerner na Byron Browne wamepelekwa Philadelphia Phillies, na kwamba kwa kubadilishana nao wanakuja Dick Allen, Cookie Rojas na Jerry Johnson. Miaka kumi na miwili, vikombe viwili, na taarifa ni ya simu moja fupi.

Hapa msomaji wa soka atashangaa. Katika soka tunalolijua leo klabu mbili zikikubaliana dau, kazi bado ni nusu: mchezaji lazima akae nao mezani akubali masharti yake binafsi, na akikataa biashara inakufa. Katika besiboli ya 1969 hapakuwa na nusu hiyo ya pili. Klabu ilipoamua, mchezaji alibaki na mambo mawili tu: kwenda alikopelekwa, au kuacha besiboli ya kulipwa kabisa.

Flood hakutaka kwenda. Phillies walikuwa wametoka kupoteza mechi 99 msimu huo, na Philadelphia ilikuwa na sifa mbaya kwa wachezaji weusi. Dick Allen mwenyewe alikuwa akivaa kofia ngumu hata akiwa kwenye ulinzi, kwa sababu ya vitu alivyotupiwa na mashabiki wa timu yake. Lakini nadhani tungemkosea Flood tukisema alikataa mji tu. Mwaka 1962 alikwenda Mississippi pamoja na Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu, kwenye mkutano wa haki za watu weusi. Mwaka 1964 alipopanga nyumba Alamo, California, na watu wenye silaha wakamzuia kuingia, alikwenda mahakamani, akapata amri, akahamia. Huyu ni mtu aliyekuwa amezoea kuuliza kwa sheria kile ambacho wengine walikimeza.

Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba baada ya miaka kumi na miwili katika ligi kuu, hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Akaomba klabu nyingine zijulishwe kuwa yuko tayari kusikiliza ofa zao kwa msimu wa 1970. Kuhn akajibu kwa upole kwamba anakubali kabisa kuwa Flood, kama binadamu, si mali ya kuuzwa, ila haoni hilo linahusianaje na suala lililopo. Mkataba ni mkataba.

Siku chache baadaye, akihojiwa kwenye televisheni na Howard Cosell, aliyemuuliza vipi mtu wa dola 90,000 kwa mwaka anajiita mtumwa, Flood alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Maneno hayo yaliwakera Wamarekani wengi, na wapo wanaoyaona yamepita kiasi hata leo. Mimi nayasikia kwa namna nyingine. Flood hakuwa anazungumzia mjeledi wala shamba la pamba. Alikuwa anazungumzia kitendo kimoja tu, kile cha watu wawili kukaa wakapatana bei ya mtu wa tatu ambaye hayupo chumbani. Kama mtu mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1938, alikuwa na haki ya kukiita kwa jina alilolijua.

Sentensi iliyowafunga

Sasa tuje kwenye kiini cha utata. Klabu zilipata wapi nguvu hiyo?

Mwaka 1879 wamiliki wa klabu walipatana kimya kimya kwamba kila mmoja ataorodhesha wachezaji watano ambao klabu nyingine hazitawagusa. Shabaha ilikuwa kuzuia mishahara isipande. Orodha ikapanuka mpaka ikawameza wachezaji wote, na mapatano yakaingizwa ndani ya mkataba wa kila mchezaji kama kifungu cha kumshikilia. Katika miaka ya Flood kilikuwa ibara ya 10(a) ya mkataba huo, uliokuwa sawa kwa kila mchezaji.

Kwa lugha nyepesi kilisema hivi: ikifika Machi na mchezaji hajakubaliana na klabu kuhusu mkataba mpya, klabu ina haki ya kuurefusha mkataba wa zamani kwa mwaka mmoja, kwa masharti yaleyale.

Mwaka mmoja. Sasa ifuate hesabu ya wamiliki. Mchezaji amesaini mkataba wa 1965. Mwaka 1966 hawajaelewana, klabu inarefusha kwa mwaka mmoja. Mkataba uliorefushwa una masharti yaleyale ya ule wa kwanza, na mojawapo ya masharti hayo ni kifungu cha kurefusha. Basi mwaka 1967 klabu inarefusha tena, na 1968 tena, mpaka mchezaji azeeke au klabu imchoke. Mwaka mmoja ukawa umilele. Na kwa kuwa klabu zote zilikuwa zimeapa kutogusa mchezaji wa mwenzao, kukataa kusaini hakukumpa mchezaji mahali pa kwenda. Kwa hiyo karibu wote walisaini, kila mwaka, kwa bei waliyopewa.

Kuna maswali mawili ambayo mtu anaweza kuuliza juu ya sentensi hiyo, na karibu mkanganyiko wote wa habari za Flood unatokana na kuyachanganya. La kwanza: je, mpango wa namna hii ni halali katika nchi yenye sheria dhidi ya ukiritimba? La pili: je, sentensi yenyewe inasema kweli kile ambacho wamiliki wanadai inasema? Flood aliuliza la kwanza. Wachezaji walikuja kushinda kwa la pili.

Mahakama iliyoona kosa na kuliacha

Kabla ya kufungua kesi Flood alizungumza na Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa chuma na ambaye tangu 1966 aliongoza chama cha wachezaji. Miller hakumpamba. Alimwambia kwamba uwezekano wa kushinda ni mdogo mno, na hata wakishinda, yeye binafsi hatavuna kitu. Umri utakuwa umekwenda, na hakuna klabu itakayompa kazi ya ukocha. Flood akauliza kama itawasaidia wachezaji wengine na wale watakaokuja. Miller akasema ndiyo. Kwa Flood hilo lilitosha. Wawakilishi wa wachezaji walikutana San Juan, Puerto Rico, Desemba 1969, wakamhoji, kisha wakapiga kura 25 kwa 0 chama kigharimie kesi. Wakili akawa Arthur Goldberg, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kesi ilifunguliwa New York Januari 1970.

Ilipoanza kusikilizwa mwezi Mei, Jackie Robinson alipanda kizimbani akasema kwamba kifungu hiki kimeegemea upande mmoja na lazima kibadilishwe. Hank Greenberg, aliyekuwa mchezaji kisha kiongozi wa klabu, naye alisimama upande wa Flood, na Bill Veeck, aliyewahi kumiliki klabu. Mchezaji anayecheza wakati huo hakufika hata mmoja. Hakuna aliyekaa kwenye viti vya nyuma hata kwa saa moja ili tu aonekane. Nawaelewa kwa hofu yao, kwa sababu walijua nani anasaini hundi zao. Bado ni jambo zito kulisoma.

Kilichomkwamisha Flood kilikuwa kimekwisha andikwa mwaka 1922. Klabu ya Baltimore ya ligi pinzani iliyokuwa imekufa iliishtaki ligi kuu kwa ukiritimba. Sheria ya Sherman ya 1890 inakataza ukiritimba katika biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu aliandika kwamba mechi ya besiboli ni onyesho linalofanyika ndani ya jimbo moja. Kusafirisha wachezaji kutoka jimbo hadi jimbo ni jambo la pembeni tu. Kwa hiyo, kwa macho ya sheria ile, besiboli haikuwa biashara ya aina hiyo.

Huenda mwaka 1922 hoja hiyo ilisimama. Mwaka 1953 mechi zilikuwa zinarushwa redioni na kwenye televisheni nchi nzima, na mrushaji mmoja wa ligi ndogo aliyeshikiliwa na Yankees, George Toolson, akaipinga. Mahakama ikasema: tumeshaamua, wamiliki wamejenga biashara yao juu ya uamuzi huo, kama kuna mabadiliko basi Bunge liyafanye. Baadaye ukaja mchezo wa ngumi mwaka 1955, na soka ya Kimarekani mwaka 1957, navyo vikaomba msamaha uleule. Mahakama ikavikatalia. Hivyo Flood alipofika mbele ya majaji Machi 1972, besiboli ilikuwa mchezo pekee wa kulipwa nchini uliokuwa juu ya sheria hiyo, na hakuna aliyeweza kueleza sababu ya kimantiki.

Ndiyo maana hukumu ya Flood ni ya ajabu. Jaji Harry Blackmun, aliyeiandika kwa niaba ya walio wengi, alikiri wazi kwamba besiboli ni biashara inayovuka majimbo na kwamba msamaha wake ni kioja kisicho na mwenzake. Kisha akaamua kuuacha. Uamuzi umedumu nusu karne, alisema, Bunge limeuona na kunyamaza, basi kama kuna kosa ni la Bunge kulisahihisha. Alifungua hukumu kwa sifa ndefu za historia ya besiboli na orodha ya majina zaidi ya 80 ya wachezaji wa zamani. Majaji wawili waliokubaliana naye katika uamuzi walikataa kujiunga na sehemu hiyo. Kura zilikuwa 5 kwa 3. Jaji Lewis Powell alijiondoa kwa sababu alikuwa na hisa katika kampuni ya bia ya mmiliki wa Cardinals.

Jaji William Douglas, aliyekuwa amepiga kura dhidi ya Toolson mwaka 1953, aliandika kwamba anajutia kura ile. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo, aliandika kwamba kwa mtu aliye nje ya michezo Flood angeonekana kama aliyewekwa utumwani na wamiliki waliokuwa wakibadilishana huduma zake. Maneno ya Flood, yaliyomletea matusi, yalikuwa sasa yamo ndani ya maoni ya jaji, ingawa upande wa walioshindwa.

Mafunzo ya sheria huita msimamo wa Blackmun kufuata maamuzi yaliyotangulia, na una faida yake: watu wanajua wasimame wapi. Lakini hapa kanuni hiyo ilitumika kulinda uamuzi ambao mahakama yenyewe ilikuwa inaukataa kwa kila mchezo mwingine. Kwangu huo ni udhaifu wa mahakama. Kesi ya Flood yenyewe ilikuwa na nguvu.

Mlango mwingine

Sasa angalia kilichokuwa kikitokea pembeni. Mbele ya jaji, wanasheria wa wamiliki walikuwa wakisema kwamba kifungu cha kumshikilia mchezaji si cha mahakama. Ni jambo la kujadiliana kati ya chama na klabu. Walilisema ili wamshinde Flood. Lakini ukilisema hilo mahakamani, unawezaje kesho yake kukataa kukaa mezani? Mwaka uleule wa 1970 mkataba mpya wa pamoja kati ya chama na wamiliki uliweka jambo ambalo magazeti mengi hayakulijali: malalamiko ya wachezaji kuhusu mikataba yao yatapelekwa kwa msuluhishi asiye na upande. Kabla ya hapo mwamuzi wa mwisho alikuwa kamishna, anayeajiriwa na wamiliki.

Mwaka 1973, baada ya hukumu, wamiliki walikubali pia kwamba mchezaji mwenye miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu moja, anaweza kukataa kubadilishwa. Wachezaji wanaiita kanuni ya Curt Flood. Kwa miaka yake kumi na miwili St. Louis, ingemtosha kukataa kwa neno moja Oktoba 1969.

Kisha ukaja msimu wa 1975. Andy Messersmith, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, aliitaka klabu imwandikie kwamba haitambadilisha bila ridhaa yake. Dodgers walikataa. Yeye akakataa kusaini, akacheza msimu mzima chini ya mkataba uliorefushwa. Dave McNally wa Montreal, ambaye naye hakuwa amesaini, akaungana naye kwenye lalamiko. Swali lililofika mbele ya msuluhishi Peter Seitz halikugusa ukiritimba, halikugusa utumwa, wala halikuhitaji kuugusa uamuzi wa Holmes. Lilikuwa swali la pili: mkataba unaposema mwaka mmoja, je, ni mwaka mmoja? Tarehe 23 Desemba 1975 Seitz alijibu kwamba ndiyo, ni mwaka mmoja tu. Mwaka huo umekwisha, wachezaji hawa ni huru. Wamiliki wakamfukuza kazi papo hapo, wakaenda mahakamani kuupinga uamuzi, wakashindwa. Julai 1976 chama na klabu walikubaliana kwamba mchezaji atakuwa huru baada ya miaka sita ya ligi kuu. Wastani wa mshahara, uliokuwa karibu dola 45,000 mwaka 1975, ulipita 140,000 mwaka 1980.

Kwa hiyo nani aliufungua mlango? Kisheria ni Messersmith na McNally, kwa mpango wa Miller. Flood asingeweza kwenda njia hiyo: mwaka 1969 msuluhishi asiye na upande hakuwepo, na yeye hakucheza mwaka wa kurefushwa, alikaa nje msimu wote wa 1970. Lakini kabla yake wachezaji wengi waliamini, kama walivyofundishwa, kwamba bila kifungu kile besiboli ingekufa. Kesi yake iliwalazimisha kwa miaka miwili na nusu kusikia hoja ya upande wa pili, ikaonyesha kwamba mahakama haitawaokoa, na ikawafanya wamiliki waahidi hadharani meza ya mazungumzo. Messersmith alipokataa kusaini hakuonekana mwendawazimu. Miaka sita nyuma, Flood alionekana hivyo.

Bei yake aliilipa peke yake. Mwaka 1971 Washington Senators walimpa dola 110,000 arudi. Alicheza mechi 13, akapata mapigo 7 katika majaribio 35, na mwisho wa Aprili akaondoka ghafla, kwa ndege hadi Hispania. Alikuwa na miaka 33. Aliishi Majorca kwa miaka kadhaa, akiendesha baa na akinywa kupita kiasi. Aliporudi Oakland, alitangaza mechi redioni mwaka 1978 na kufanya kazi na watoto wa mitaa aliyokulia. Desemba 1994, wachezaji wakiwa katika mgomo mrefu, alikwenda kuzungumza nao Atlanta, nao wakasimama kumpigia makofi, mamilionea ambao wengi walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga alipoandika barua yake. Alifariki dunia Los Angeles tarehe 20 Januari 1997 kwa saratani ya koo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Marvin Miller alichaguliwa kuingia kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli mwaka 2019, na Dick Allen, yule aliyebadilishwa naye, mwaka 2024. Flood bado hayumo.

Bunge lilijibu tarehe 27 Oktoba 1998, Rais Clinton aliposaini Sheria ya Curt Flood. Inasema kwamba katika masuala ya ajira, wachezaji wa ligi kuu wana haki zilezile chini ya sheria za ukiritimba kama wanamichezo wengine wa kulipwa. Ndicho alichokuwa akikiomba mwaka 1970. Lakini isome mpaka mwisho: imeacha nje uhamishaji wa klabu kutoka mji hadi mji, imeacha nje waamuzi, na imeacha nje wachezaji wa ligi ndogo, wale walioko pale alipokuwa yeye High Point na Savannah. Hao walisubiri mpaka Septemba 2022 ndipo wakaingia katika chama cha wachezaji, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja ukapatikana mwaka 2023, tena kwa kujadiliana, si kwa hukumu. Uamuzi wa Holmes wa 1922 haujatenguliwa.